Karani na Mashahidi Wake

Jumapili ya kwanza mtu aliingia darasani akaiba kofia ya Karani, na Karani hakumfukuza. Alikuwa amesimama mbele yetu akitafuta ukurasa katika Biblia yake. Mtu yule akapita mlango wa nyuma, akaitoa kofia kwenye msumari ukutani, akaenda zake. Karani akafunga kitabu akatuuliza mmoja mmoja, sisi watoto kumi na wawili: ni nani aliyeingia, amevaa nini, amekwenda upande gani? Mmoja akasema shati lilikuwa jeupe, mwingine la kijivu. Mimi niliapa kwamba alishika fimbo. Rafiki yangu Mueni alisema watu walikuwa wawili. Karani akayaandika yote ubaoni, kisha akauliza, "Sasa kwa kuwa mmetofautiana, ina maana kofia yangu bado iko pale?"

Tukatazama msumari. Kofia haikuwepo.

Hapo ndipo alipotusomea habari za asubuhi ya kaburini kutoka Injili zote nne. Huyu ametaja mwanamke mmoja, yule watatu. Hapa kuna kijana aliyevaa vazi jeupe, pale kuna watu wawili. Hakutuambia tuamini. Alisema twende tukafikiri, Jumapili ijayo tumwambie tumeona nini. Nilirudi nyumbani kichwa kinaniuma. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na sikuwa nimewahi kusikia mtu mzima akisema hadharani kwamba Biblia inasimulia jambo moja kwa namna nne.

Alikuwa karani katika ofisi ya serikali mjini Garissa, miaka ile ya vita vya shifta, wale waasi wa porini. Kazi yake ilikuwa kupiga taipu maelezo ya watu: nani alipotelewa na ngamia, nani alisikia risasi, nani alimwona nani wapi. Sisi tulikuwa watoto wa askari, wa madereva na wa wafanyakazi wa ofisi, watu wa bara tulioletwa pale na kazi za baba zetu. Mchungaji alikuja mara chache, akipata nafasi katika msafara wa malori. Wazazi walipotafuta mtu wa kutufundisha dini, ni Karani peke yake aliyekubali. Tukapewa chumba cha idara ya mifugo kilichokuwa kimefungwa, chenye harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, nasi tukakaa juu ya madebe.

Jina lake nalijua, ila sitalitaja, maana hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa mfupi, soksi zimevutwa hadi magotini hata jua likiwa kali vipi, na kidole chake cha shahada kilikuwa na wino usiotoka. Mimi aliniita Binti Koplo, kwa cheo cha baba. Alizungumza polepole, kama mtu anayemngoja mwenzake amalize kuandika.

Maswali yake yalikuwa matatu, na alitaka tuyaulize kwa kila kitu. Nani aliona? Alikuwa amesimama wapi? Anapata nini kwa kusema hivyo? Tuliyauliza juu ya Musa, juu ya samaki wa Yona, juu ya hadithi za fisi ambazo Mueni alizileta kutoka kwa bibi yake. Siku moja alituambia kwamba zamani zile neno la mwanamke halikuwa na uzito mbele ya wazee wa baraza. "Mtu anayetunga uongo," alisema, "hutafuta mashahidi watakaoaminika. Mbona basi hawa waliandika kwamba waliofika wa kwanza ni wanawake?" Mimi na Mueni tulitembea wiki nzima kama watu waliopewa cheo.

Mama hakupenda. Alimngoja Karani nje ya chumba kile siku moja, leso imefungwa kiunoni.

"Karani, huyu mtoto nikimwambia Mungu anamwona, ananiuliza nimejuaje. Nimwambie nini?"

"Mwambie ulivyojua, Mama."

"Mimi niliambiwa na mama yangu."

"Basi hilo ni jibu. Mwambie hivyo. Atauliza mama yako alijuaje."

"Na nikishindwa?"

"Utakuwa umeshindwa ukisema kweli," Karani akasema. "Si vibaya."

Mama alirudi nyumbani amekasirika zaidi ya alivyokwenda. Nadhani nami nilikuwa upande wake. Kulikuwa na Jumapili ambazo nilitamani Karani aseme tu, hivi ndivyo ilivyo, twendeni tukacheze. Watoto wengine waliimba nyimbo na kupewa picha za kondoo. Sisi tulipewa maswali, na nje ya chumba malori ya askari yalipita yakitutikisia madebe.

Na mtu huyohuyo aliyetaka ushahidi wa kila kitu hakukubali kupanda mizani. Kulikuwa na mizani kwenye zahanati, nasi tukipimwa yeye alisimama mlangoni. Alisema kwao mtu mzima akipimwa uzito anapimiwa sanda. Tulimuuliza nani aliona. Alicheka, akasema hakuna aliyeona, lakini hapandi.

Tena aliiba katika drafti. Hili lilijulikana mji mzima. Mwenzake wa drafti alikuwa mwenye duka aliyekuwa ng'ambo ya ofisi, mzee wa Kisomali mwenye ndevu zilizotiwa hina. Tulimwita Adeer, yaani baba mdogo, kama watoto wake walivyowaita wazee wa rika lake. Jioni kabla ya amri ya kutotoka nje, wawili hao walikaa kwenye kibaraza cha duka, ubao katikati. Adeer akigeuka kumhudumia mteja, Karani alisogeza kete.

"Karani," Adeer alisema bila kuinua macho, "hii kete ilikuwa hapa."

"Una hakika?"

"Mimi naona. Na wewe naona mimi naona."

Karani alirudisha kete mahali pake bila haya. Nilimuuliza kwa nini mwalimu wa dini anaiba katika mchezo. Alifikiri sana. "Nadhani nataka kuona kama atanikamata," akasema. Sikuelewa. Sina hakika kama naelewa leo.

Walibishana kuhusu dini vilevile, bila kugombana. Nilikuwepo siku Adeer alipomwambia, "Wewe nasema Nabii Isa nakufa msalabani. Sisi nasema hakufa, Mungu nachukua yeye. Sasa shahidi yako na shahidi yangu, hakimu ni nani?"

"Ndiyo maana nawafundisha watoto kuuliza," Karani akajibu.

"Fizuri. Basi mimi nauliza. Wewe nasema wale watu ya Isa walibigwa, waliuawa, hawakubadilisha maneno, kwa hifyo ni kweli. Lakini angalia huko borini. Watu nakufa kila wiki, hii upande na ile upande. Wote nasema haki iko kwao. Kufa ni ushahidi ya nini?"

Karani alikusanya kete. Aliinuka akaaga. Jumapili iliyofuata alituletea swali lile lile, akasema limetoka kwa Adeer, na kwamba ni swali la mtu mwenye akili. Alisema wale wa mwanzo walidai kuona kwa macho yao, na anayefia alichokiona si sawa na anayefia alichoambiwa. "Hiyo ni nusu ya jibu," akasema. "Nusu nyingine sina." Mvulana mmoja, mtoto wa dereva, alitaka kujua kama mwalimu anaruhusiwa kukosa nusu ya jibu.

Kisha lori lililoendeshwa na baba yake Mueni likakanyaga bomu la ardhini kwenye njia ya Habaswein. Ilikuwa Jumamosi. Mwili haukuletwa, au uliletwa tukafichwa, sijui. Jumapili ya pili baadaye Mueni alikuja darasani amenyolewa nywele. Wanawake walikuwa wamemwambia tangu asubuhi kwamba baba yake yuko mbinguni kwa Yesu. Karani alipouliza kama kuna mwenye neno, Mueni akainua mkono.

"Nani aliona?" akauliza.

Karani hakuuliza aliona nini. Sote tulijua. Alisimama pale na chaki yake kwa muda mrefu hata tukaanza kuona aibu, kisha akaja akaketi juu ya debe kando ya Mueni, magoti yake na soksi zake yakiwa juu kama ya mtoto. Darasa liliisha hivyo. Tulitoka mmoja mmoja tukawaacha wameketi.

Nilikuwa nimeahidi kurudi nyumbani moja kwa moja, lakini nilibaki nje, kwa sababu nami nilikuwa na neno langu, na lilikuwa linanichoma tangu Jumatatu ya wiki iliyotangulia.

Jumatatu hiyo Adeer alikamatwa. Askari watano wa doria walikuwa wameandikisha kwamba Jumatano, siku tatu kabla ya lori kulipuka, walimwona chini mtoni, mahali ngamia wanaponywea, akiwapa shifta sukari na tumbaku, saa kumi hadi magharibi. Mji ulikuwa na uchungu na ulitaka mtu. Wanawake wa bara walipita mbele ya duka lililofungwa wakitema mate. Mmoja wa askari wale watano alikuwa baba yangu.

Jumatano ile, kuanzia saa tisa unusu hadi jua kuzama, mimi nilikuwa dukani kwa Adeer. Mama alikuwa amenituma stachi ya kukazia kaptura za baba. Gunia la dengu lilipasuka nilipokuwa naingia, na Adeer akaniomba nimsaidie kuokota. Tuliokota pamoja, yeye amepiga magoti upande huu, mimi upande ule. Aliondoka mara moja tu, kusali alasiri chumba cha nyuma, nami nikasikia mnong'ono wake muda wote.

Mueni alipotoka, niliingia. Karani alikuwa bado ameketi kwenye debe. Nilimweleza. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaanza kuuliza, kwa sauti ile ile ya darasani.

"Unajuaje ilikuwa Jumatano?"

"Alhamisi ni gwaride. Nilichelewa, kaptura hazikukauka, mama akanichapa."

"Huwezi kuwa unachanganya na Jumatano nyingine?"

"Sijawahi kuchapwa Jumatano nyingine."

"Ulimwona Adeer muda wote?"

"Hapana. Aliposali sikumwona. Nilimsikia."

"Sema hivyohivyo. Usiseme ulimwona." Akaiweka chaki chini. "Unapata nini kwa kusema haya, Binti Koplo?"

"Sipati kitu."

"Utapoteza?"

Nikalia. Nilimwambia kwamba baba yangu si mwongo. Nilimwambia pia kwamba kama Adeer hakufanya, basi Mueni hatakuwa na mtu wa kumlaumu, na sitaki kumnyang'anya. Nilimwambia labda ni mimi niliyekosea, kama nilivyokosea juu ya fimbo ya yule mtu wa kofia. Nilitaka sana aniambie nimekosea.

"Umesema," Karani akajibu. "Sasa nenda nyumbani. Usimwambie mtu mwingine."

Nikangoja. Nilidhani nitaitwa, kwamba kutakuwa na meza na Biblia na mtu wa kuniuliza. Hakuna aliyeniita. Jumapili iliyofuata Karani alitufundisha habari za Petro kumkana Bwana wake mbele ya kijakazi, akafundisha vibaya, akikosea mistari, na hakunitazama hata mara moja. Nikaamua kwamba hakusema neno. Niliamua hivyo nikiwa mtoto, na uamuzi wa mtoto ni mgumu kuvunjika. Niliendelea kumpenda na nilimdharau, vyote kwa pamoja, wala sikujua mtu anaweza kufanya hivyo.

Mambo yaliyofuata niliyaona kama vitu vilivyomwagwa chini, hiki hakihusiani na kile. Adeer alifungiwa karibu miezi miwili, kisha akaachiliwa bila kesi. Hakufungua duka tena. Alihamia Diff, kwa ndugu yake, na kabla hajaondoka alipita nyumbani kwetu, akamwambia mama, "Mimi naenda. Nasamehe watu." Mama alisimama mlangoni, mwishowe akamkaribisha chai, naye akashukuru akasema gari linangoja. Baba alihamishiwa Elwak. Huko alipigwa risasi ya paja. Alirudi kwetu na mguu usiokunjika, akaachishwa kazi ya doria, nasi tukarudi Ukambani. Vita viliisha, watu wakasema sasa ni amani. Baba hakuzungumza juu ya Garissa. Ukilitaja jina la mji, alitoka nje kutazama mbuzi.

Mimi nikawa mwalimu. Nikafundisha dini pia, kwa nyimbo na picha za kondoo, maana ndivyo vitabu vilivyotaka. Wakati mwingine, mtoto akiuliza swali gumu, nilimsikia Karani kinywani mwangu, nikanyamaza haraka.

Nilimkuta mjini Mwingi, miaka zaidi ya ishirini baadaye, wakati wa likizo ya Agosti. Alikuwa ameketi kwenye benchi la posta, fimbo mkononi, miwani minene, soksi zimevutwa hadi magotini. Nilimwamkia. Aliitika, akauliza mimi ni nani.

"Binti Koplo."

Aliinuka. Aliinuka kwa shida, lakini aliinuka kabisa, kama mtu anayesimama kwa heshima ya mkubwa wake.

Tulikwenda kwenye hoteli ndogo iliyokuwa kando ya posta, nikaagiza chai na mandazi. Aliuliza habari za Mueni. Nikamwambia ameolewa Kitui, ana watoto, na ni mzee wa kanisa. Alifurahi, kisha akaonekana kutofurahi. "Sikumjibu," akasema.

"Hapana. Lakini ulikaa naye."

Akauliza habari za baba. Nikamwambia amefariki mwaka juzi.

"Alichechemea mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Karani akaweka kikombe chini. "Yale maelezo matano niliyapiga taipu mimi," akasema. "Nilipewa karatasi moja. Nikapiga mara tano, nikibadilisha majina. Hata makosa ya maneno yalikuwa yale yale. Nilijua siku ile ile. Nilikaa na jambo hilo karibu wiki nzima, jioni napita mbele ya kibaraza kilichofungwa, na Jumapili nakuja kuwauliza ninyi nani aliona." Alipangusa miwani kwa ncha ya koti. "Halafu ukaja wewe ukaniambia habari za stachi."

"Nilidhani hukusema kitu."

"Nilikwenda kwa Bwana Mkubwa wa ofisi kesho yake. Nilimweleza juu ya karatasi. Wewe sikukutaja. Alinifokea, akasema kazi yangu ni kupiga taipu. Lakini hakupeleka kesi mbele. Mzee akatoka. Na wale watano wakatawanywa. Hilo sikulijua. Nilidhani wataonywa tu. Mmoja alipelekwa Elwak."

Nilihesabu nyuma kichwani, mwezi kwa mwezi. Mguu wa baba. Kaburi la baba lililochimbwa juu ya kilima, alikoomba azikwe kwa sababu akiwa hai hakuweza kukipanda tena. Sikujua nimkasirikie nani. Nilimtafuta mtu wa kumkasirikia pale mezani, na tulikuwa wawili tu.

"Kuna lingine," Karani akasema. "Baba yako alikuja kwangu kabla ya kuondoka. Mama yako alikuwa amemwambia ulichelewa dukani siku ile. Akaniuliza kama ni wewe uliyeniambia. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akaniuliza."

"Ukasemaje?"

"Nikasema hapana. Akataka niape. Nikachukua Biblia ile niliyowafundishia, nikaweka mkono, nikaapa kwamba mtoto huyu hakuniambia neno lolote."

Kwenye meza ya pili watu walikuwa wakibishana juu ya bei ya mbuzi. Nilimtazama mzee yule na wino wake kidoleni.

"Mbona uliapa?"

"Sikujua angekufanya nini. Pengine asingekufanya kitu." Akatikisa kichwa. "Nimetafuta katika Maandiko nione kiapo kile kinawekwa upande gani. Sijaona. Wewe unaamini bado, Binti Koplo?"

"Naamini. Halafu kuna siku siamini."

"Mimi pia," akasema, kama mtu anayekubaliana nawe juu ya hali ya hewa.

Nilikuwa nakumbuka asubuhi baba alipoondoka kwenda Elwak. Lori lilikuwa linanguruma. Aliwabusu wadogo zangu kichwani. Alipofika kwangu alisimama, akanyoosha mkono, akanisalimia kama anavyosalimiwa mtu mzima, akaushika mkono wangu kwa muda mrefu, akinitazama. Nilidhani ni kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Nilimsimulia Karani.

Alisikiliza akiwa ameinama. "Kwa hiyo," akauliza, "aliniamini?"

Nilifungua mdomo nimwambie ndiyo. Ilikuwa rahisi, na alikuwa mzee. Nikaona jinsi anavyongoja, kidole kimetulia juu ya meza.

"Sijui," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, mara mbili. Akaisukuma sahani ya mandazi upande wangu, akaniambia nile, kwani nyumbani bado ni mbali.